Miguu ya 206: shajara ya ukarabati, Arusha

Kazi yenyewe ni kufungua, kukagua na kurudisha miguu yote mitatu ya Cessna U206G inayobeba watu na mizigo kati ya Arusha na viwanja vya changarawe vya Serengeti. Ndege ina viti sita, uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 1,633, na miguu yake haikunjwi. Mwenye ndege aliomba tubadilishe oringi, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji, za mguu wa mbele tu, kwa kuwa ulikuwa unavuja oili. Nilimwomba aturuhusu kwenda mpaka kwenye ekseli, akakubali. Miguu isiyokunjwa imesifiwa sana kwamba haina matatizo, basi ukaguzi wake umekuwa wa kutazama tairi, kugusa breki na kuweka saini. Shajara hii naiandika kwa ajili ya mafundi vijana, waone kinachokaa pale ambapo macho hayafiki.

Jumatatu

Kabla spana haijaguswa, ndege imeoshwa. Vumbi la Kogatende na Ndutu likishikana na grisi linakuwa msasa, na ukifungua kiungo kikiwa nalo unaliingiza ndani kwa mkono wako mwenyewe. Tumetumia maji, sabuni na brashi laini. Mashine ya maji ya presha hatuisogezi karibu na magurudumu, maana inasukuma maji mpaka kwenye beringi, na yakishaingia humo hayatoki kwa hiari.

Pua tumeinyanyua kwa kuushusha mkia, uzito ukafungwa kwenye pete ya mkia na stendi ikawekwa. Miguu mikuu imepandishwa kwa jeki, upande mmoja mmoja. Hapo nilimsimamisha kijana wetu wa mafunzo, aliyetoka chuo cha usafirishaji cha NIT Dar es Salaam, atazame vizuri. Ndege ikiwa chini, miguu imetanuka kwa uzito. Ukiinua, mguu unarudi ndani, gurudumu linateleza kuelekea tumboni mwa ndege na jeki inalalia upande. Kwa hiyo unainua kidogo, unashusha, unaipanga jeki upya, ndipo unainua moja kwa moja. Jeki ikichomoka hapa, ndege inaanguka, au inamkuta mtu chini.

"Fundi, mbona huku nyuma hakuna shokapu?" aliuliza.

Shokapu ni mguu wenyewe. Ni bapa moja la chuma cha springi, aloi ya 6150 yenye kromu na vanadi. Wazo hilo ni la Steve Wittman, Mmarekani aliyekuwa akijenga na kurusha ndege za mashindano. Cessna walichukua haki ya kulitumia, na likaingia kwenye Cessna 120 na 140 mwaka 1946. Hakuna oili, hakuna sili, hakuna gesi. Hasara yake ni kwamba springi inahifadhi nguvu kisha inairudisha. Rubani akiipiga ndege chini, inamrusha juu tena. Mguu wa mbele haufanyi hivyo, na kesho tutaona ni kwa nini.

Jumanne

Siku ya mguu wa mbele. Huu ni mguu wa oili na gesi: silinda ya nje imeshikwa kwenye ukuta wa injini, bomba la ndani linapanda na kushuka, na chini yake kuna uma unaoshika gurudumu. Ndege ikikanyaga chini, bomba la ndani linapanda, oili inalazimishwa kupita kwenye tundu dogo, na ndani ya tundu hilo kuna pini iliyochongwa nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili. Kadiri mguu unavyobonyea, nafasi ya oili inazidi kuwa finyu. Nguvu ya kutua inaishia kuwa joto ndani ya oili. Gesi iliyo juu inabanwa na kufanya kazi ya springi, na mguu ukirudi, oili inarudi polepole kupitia njia ile ile. Ndiyo maana pua haichezi kama mpira.

Mguu uliopungukiwa oili ukijazwa gesi nyingi unasimama vizuri kabisa, hata kipimo cha urefu kinakubali. Siku ya kutua vibaya hakuna cha kupita kwenye tundu, bomba linagonga mwisho, na pigo lote linakwenda kwenye ukuta wa injini. Hivyo kabla ya kufungua tumekagua ukuta huo kwa tochi kutoka pande zote mbili, tukitafuta bati lililojikunja na riveti zilizolegea au zenye mkia wa vumbi jeusi. Ukuta ni mzima. Nimefurahi kweli, kwani kuunyoosha kungekuwa mradi mwingine.

Kisha gesi. Hii naiandika kwa herufi nzito moyoni: mguu wa oili na gesi haufunguliwi hata bolti moja kabla presha haijatoka yote. Unafungua valvu taratibu, uso ukiwa pembeni, unangoja mlio uishe, unaubonyeza na kuuvuta mguu uhakikishe umelegea, ndipo unaitoa valvu yenyewe. Ringi ya kufunga ikiachiwa mguu ukiwa na presha, bomba linatoka kama risasi. Mafundi wamekufa hivyo duniani.

Tumetoa mkasi, yaani vile vipande viwili vinavyokunjika nyuma ya mguu. Ndio unaozuia bomba la ndani lisizunguke na lisichomoke likining'inia angani. Bushi zake zimelika: ukishika gurudumu na kulitikisa, unaona mkasi unacheza kabla uma haujafuata. Rubani alikuwa amelalamika kwamba pua inatetemeka kwenye mwendo wa kuruka, na aliambiwa ajaze oili kwenye dampa. Dampa ni silinda ndogo ya kuzuia mtetemo huo, ina pistoni yenye tundu jembamba. Tumeifungua pia, oili imejaa na haina hewa. Kwa hiyo mtetemo ulikuwa unatoka kwenye bushi, na kila mtetemo ulikuwa unazila zaidi.

Jumatano

Bomba la ndani lipo mezani. Oringi mbili zimekakamaa na moja ina mkato. Lakini mkato huo haukujitokea. Kwenye ganda la kromu la bomba, sehemu inayoelekea mbele, kuna vidoa vilivyochimbika kutokana na mawe madogo ya changarawe, na ukipitisha ukucha unakwama. Kila mara mguu ulipobonyea, vidoa hivyo vilipita juu ya oringi. Kama tungebadilisha oringi peke yake kama tulivyoombwa, uvujaji ungerudi.

Tulijadili kulipeleka bomba lipakwe kromu upya. Inawezekana, ila kazi hiyo si ya karakana yetu. Chuma kigumu kikipakwa kromu kwa umeme kinameza haidrojeni, na haidrojeni ikibaki ndani, chuma kinakatika ghafla siku moja bila kupinda. Lazima kipande kiokwe mapema baada ya kupakwa, kwa joto la karibu nyuzi 190 za Selsiasi na kwa saa nyingi, ili gesi hiyo itoke. Asiyeweza kukuonyesha karatasi ya kuoka asikupakie kromu. Tumeagiza bomba jipya lenye hati zake.

Vipande vya chuma vimepimwa nyufa kwa sumaku: unakipa kipande usumaku, unamwagia maji yenye chembe za chuma zinazong'aa, unazima taa na kuwasha ya zambarau. Ufa unajichora kama mstari wa kijani. Baadaye usumaku unaondolewa na kipande kinasafishwa, la sivyo kitavuta vumbi la chuma maisha yake yote. Uma na nusu za rimu si chuma, hivyo zimepimwa kwa rangi inayopenya ndani ya ufa. Hakuna ufa.

Alhamisi

Miguu mikuu. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu Jumatatu.

Bomba la breki linashuka kando ya mguu na limeshikwa na vibano. Kwa nje rangi ni nzuri, nyeupe, imepigwa polishi. Tumefungua vibano kimoja kimoja. Chini ya kibano cha pili cha mguu wa kushoto rangi imesuguliwa mpaka chuma, na pale pamekaa kutu ya kahawia yenye vidoa.

Ukubwa wake haufiki ukucha wa kidole kidogo. Lakini uso wa mguu huu ulipigwa risasi ndogo za chuma kiwandani, ili ngozi yake iwe imebanwa. Ufa hauanzi kirahisi mahali palipobanwa. Kutu ikichimba kupita ngozi hiyo, inafika kwenye chuma kisicho na kinga, na mguu unapinda kila ndege inapotua, inapogeuka, inapopita shimo. Ndiyo sababu mguu wa namna hii hautobolewi tundu, hauchomelewi kitu, na hata ngazi ya abiria inabandikwa kwa gundi. Chini ya ngazi pia tumetazama, pembeni gundi imeachia kidogo na maji yalikuwa yanaingia, ila kutu haijaanza.

Nimemweleza kijana habari ya Dash 8 Q400, ndege za abiria za propela, za shirika la SAS la Skandinavia mwaka 2007. Septemba 9 moja ilitua Aalborg, Denmark, mguu mkuu wa kulia ukalala. Siku tatu baadaye nyingine ikatua Vilnius, Lithuania, na mguu wa kulia ukalala vilevile. Hakuna aliyekufa. Wachunguzi walikuta kutu kwenye nyuzi za skrubu, ndani ya fimbo ya silinda inayokunja mguu: nyuzi zilikuwa zimelika, kichwa kikachomoka. Oktoba 27, Copenhagen, ikatokea mara ya tatu. Safari hii kutu haikuhusika. Oringi iliyopotea mahali pake ilikuwa imeziba tundu la kupitishia oili, na mguu ukashindwa kushuka. SAS wakaziacha Q400 zao. Ndege za aina hiyo tunaziona hapa Tanzania kila siku, na ni ndege nzuri. Namwambia mdogo wangu huyu azikumbuke nyuzi zile na oringi ile, kwa kuwa ni vitu vidogo kuliko hiki tulichokiona chini ya kibano.

Kutu imesuguliwa kwa mkono na karatasi laini, kwa kufuata urefu wa mguu. Mashine ya kusaga hairuhusiwi, joto lake linaharibu ugumu wa springi. Kina kimepimwa na kulinganishwa na kitabu cha matengenezo, kimo ndani ya mpaka. Kingevuka, mguu ungetupwa. Baada ya kupimwa nyufa, umepakwa rangi ya msingi ya epoksi, na vibano vyote vitarudi na mpira mpya.

Ijumaa

Magurudumu. Rimu ni nusu mbili zilizoungwa kwa bolti, na sheria ni ile ile ya Jumanne: upepo kwanza, wote, ndipo bolti. Rimu ikifunguliwa tairi likiwa limejaa, inapasuka vipande viwili.

Ndege hii inavaa tairi za 8.00-6 nyuma, yaani upana wa inchi 8 kwenye rimu ya inchi 6. Ni pana kuliko 6.00-6, na kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika tofauti inaonekana, kwa vile hazizami haraka. Moja ina mikato ya mawe iliyofika kwenye nyuzi. Inaondoka.

Beringi za upande wa kulia ni safi. Za kushoto grisi imegeuka rangi ya maziwa, dalili ya maji, na kwenye kikombe, ile pete ya nje ya beringi, kuna alama ndogo za kutu zilizopangika kwa umbali sawa, mahali roli zilipokuwa zimesimama ndege ikiwa imeegeshwa. Beringi na kikombe chake vyote vipya, huwezi kubadilisha kimoja. Grisi mpya imeshindiliwa kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili, baada ya kuosha ya zamani yote. Grisi za aina mbili zikichanganywa, moja ya udongo na nyingine ya lithiamu, zinaweza kulainika na kumwagika, na beringi inabaki kavu.

Breki ni za diski. Pedi za kushoto zimefika chini ya inchi 0.1, ambao ndio mwisho wake, kwa hiyo zimebadilishwa pande zote mbili. Oili ya breki hizi ni ile nyekundu ya haidroli, MIL-H-5606, sawa na ya mguu wa mbele. Naandika hili kwa sababu kwenye viwanja vya mbali kuna mtu mwenye nia njema anaweza kujaza oili ya breki ya gari. Oringi za ndege hii ni za mpira unaovumilia mafuta ya madini. Oili ya gari inazivimbisha na kuzilainisha, na pedali inazama siku ambayo uwanja ni mfupi.

Tyubu mpya zimepakwa poda ya talki, na mstari wa njano ulio kwenye tyubu, upande mzito, umepangwa na nukta nyekundu ya tairi, upande mwepesi.

Juma la kungoja

Bomba halijafika. Tumetumia muda kuzungumza aina za miguu, na kijana ana maswali mazuri.

Zamani mguu wa tatu ulikuwa nyuma. Dornier Do 27 ya Bernhard na Michael Grzimek, baba na mwana kutoka Ujerumani, ile yenye milia ya pundamilia waliyohesabia wanyama wa Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa ya gurudumu la mkiani. Propela inakaa juu, mbali na mawe, na hakuna mguu dhaifu wa mbele wa kuvunjika kwenye shimo la ngiri. Lakini uzito uko nyuma ya miguu mikuu, hivyo ndege ikianza kupinda ardhini, uzito unataka kuendelea kuipindua. Gurudumu la mbele linageuza hesabu hiyo: uzito uko mbele ya miguu mikuu na ndege inajinyoosha yenyewe. Gharama yake ndiyo hii kazi yetu ya Jumanne.

Miguu inayokunjwa inapunguza upinzani wa hewa, na kwa ndege ya kasi hakuna mjadala. Kwa ndege inayokwenda Seronera na kurudi, unaongeza uzito, silinda, swichi na milango ya kujaa tope, kwa dakika chache tu. Wakubwa wana mahitaji mengine: Boeing 777 ina magurudumu sita kila mguu mkuu, Airbus A380 ina magurudumu 22 kwa jumla, ili lami isipasuke.

Akauliza kwa nini nasisitiza naitrojeni kwa ndege ndogo. Kwa mguu wa mbele ni suala la unyevu, hewa ya kompresa hapa wakati wa mvua ina maji, na maji ndani ya silinda ni kutu. Kwa ndege kubwa ni jambo la uhai. Machi 31, 1986 Boeing 727 ya shirika la Mexicana ilianguka Mexico na watu 167 wakafa: breki ilipata joto kali, na tairi lililojazwa hewa ya kawaida likalipuka ndani ya ndege. Na Julai 11, 1991, Jeddah, DC-8 iliyobeba mahujaji wa Nigeria wakirudi nyumbani iliwaka moto na watu wote 261 wakafa. Tairi mbili zilikuwa na upepo mdogo. Mafundi walijua. Naitrojeni haikuwa karibu, na ratiba ikasukuma. Tairi iliyolegea ilimwachia mwenzake mzigo, likapata joto, likapasuka, na moto ukaingizwa ndani miguu ilipokunjwa. Nikimaliza kusimulia hili huwa sina neno la kuongeza, nampa mtu kipimo cha upepo mkononi.

Kuunganisha

Bomba limefika na hati zake zimekubaliwa. Oringi mpya zimelowekwa oili nyekundu kabla ya kuingia. Za zamani tumezihesabu na kuzipanga mezani, zote zimeonekana, pamoja na kile kipande kilichokatika. Mguu umebonyezwa mpaka mwisho, umejazwa oili hadi tundu la valvu, umevutwa na kubonyezwa polepole mpaka mapovu yakaisha, umeongezwa oili, ndipo naitrojeni. Mkasi una bushi mpya na hauchezi. Nati zote zimekazwa kwa spana ya torki, na kotapini, yaani pini za kuzizuia zisifunguke, ni mpya.

Ulalo wa magurudumu makuu tumeupima kwa kuiviringisha ndege juu ya mabati ya alumini yaliyopakwa grisi, ili miguu itanuke bila kushikwa na sakafu. Gurudumu la kushoto lilikuwa limeelekea nje kidogo, jambo linaloeleza kwa nini tairi lake liliisha upande mmoja. Tumebadilisha shimu, kile kipande chembamba kilichochongwa kinachokaa kati ya ekseli na mguu.

Majaribio

Ndege imetembezwa ardhini, breki mpya zikashikwa kwa vipindi ili pedi zikomae. Rubani ameruka na kutua mara kadhaa Arusha. Pua imetulia kwenye mwendo wote, na bomba limebaki kavu. Asubuhi ya pili upepo wa tairi mpya ulikuwa umeshuka kidogo, kama kawaida ya tairi linalojinyoosha, tumeongeza.

Nimeweka saini ya kuiruhusu. Kwenye kitabu cha ndege nimeandika yafuatayo kwa atakayeishika baadaye: bomba la mbele lifutwe kila jioni kwa kitambaa chenye oili nyekundu, mahali palipokuwa na kutu, chini ya kibano cha pili cha kushoto, pafunguliwe katika ukaguzi ujao hata kama rangi ni nzima, na gundi ya ngazi ya abiria itazamwe baada ya masika.